Sarafu Tumboni: Chombo cha Uwanja wa Ndege Chaingia Hospitalini

Ni nani kati yetu asiyewahi kupitishiwa mwilini kile kifimbo cha askari wa uwanja wa ndege, kiliacho kikikaribia metali? Babu wa chombo hicho aliwahi kutumika kumtafutia mgonjwa risasi.

Tarehe 2 Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi mjini Washington. Eksirei ilikuwa haijagunduliwa hadi 1895. Alexander Graham Bell, aliyesifika kwa simu, akaunda chombo cha umeme cha kuitafuta risasi ile, asifanikiwe. Springi za chuma za kitanda zilikivuruga, na tabibu mkuu aliruhusu upande wa kulia tu upekuliwe. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba; risasi ikakutwa kushoto.

Leo baadhi ya hospitali hukitumia chombo cha aina hii kwa mtoto aliyemeza sarafu. Umeme upitao katika waya wake uliozungushwa huzalisha nguvu za sumaku. Metali ikikaribia, nguvu hizo hubadilika, nacho hulia. Mtoto huvuliwa vipuli, bangili, hirizi yenye kasha la bati na nguo zenye zipu, kisha hupitishiwa chombo tokea shingoni hadi tumboni. Hakina mionzi wala maumivu. Sarafu iliyokwisha kufika tumboni kwa kawaida hutoka yenyewe kwa choo. Iliyokwama katika umio, yaani njia ya chakula, huenda ikabidi daktari aitoe.

Lakini chombo hiki husema tu kwamba metali ipo. Hakisemi ni kitu gani. Hapo ndipo penye hatari. Betri ndogo ya duara, kama ile ya saa au ya rimoti, hufanana na sarafu, nayo ikikwama katika umio yaweza kuuunguza vibaya ndani ya saa 2. Kwa hiyo, pakiwapo shaka yoyote, eksirei ni lazima.

Wazazi, msimshurutishe mtoto kutapika, wala msingoje dalili. Mkimbizeni hospitalini, mchukue pakiti ya betri mkiwa nayo, na mwambieni daktari bayana: "Huenda ni betri." Bell alikosa risasi kwa kuonyeshwa upande mmoja tu, tusimfiche daktari upande wa pili.