Chupa ya Soda na Bima ya Fukara

Katika Sirari, mji wa mpakani wa wilaya ya Tarime, ambapo barabara itokayo Mwanza na Musoma huaga ardhi ya Tanzania na kuingia Isebania katika nchi ya Kenya, mtu mwenye kiu anaweza kununua soda upande huu, au akatembea kidogo na kuinunua upande wa pili, na kiu yake ikakatika sawasawa kotekote. Tofauti imo katika kitu asichokiona, nacho ni ushuru uliofichama ndani ya bei ya chupa: akinywa huku huingia hazina ya Dodoma, akinywa kule huingia hazina ya Nairobi. Aghalabu mnywaji hana habari ya safari ya senti hizo. Walakini kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge la Tanzania mwezi Novemba 2023, ushuru wa vinywaji vya namna hiyo ni miongoni mwa chemchemi zilizotajwa kugharimia matibabu ya wasio na uwezo. Kwa hiyo si mzaha kusema kwamba kati ya kizibo cha soda na kitanda cha mgonjwa fukara ipo njia, na njia hiyo haikuchimbwa ila kwa mabishano marefu.

Mabishano haya si msiba wa nchi maskini peke yake. Tarehe 1 Oktoba 2025 serikali ya Marekani, taifa lenye utajiri wa kustaajabisha, ilifungwa, ikakaa imefungwa siku 43, muda ambao haukupata kufikiwa tangu taifa hilo kuasisiwa. Kufungwa huko hakukuwa na maana kwamba rais aliondoka au askari walivua sare. Maana yake ni kwamba bunge la huko halikuidhinisha matumizi ya mwaka mpya wa fedha, na kwa kuwa pasipo idhini hiyo hazina haina ruhusa ya kulipa, watumishi maelfu kwa maelfu walirudishwa majumbani, na wengine, kama vile waongozaji wa ndege, waliendelea na kazi bila ya mshahara.

Kiini cha ugomvi kilikuwa ruzuku ya bima ya afya. Tangu mwaka 2021 serikali ya Marekani ilikuwa imezidisha msaada wake kwa watu wanaojinunulia bima wenyewe chini ya sheria ya mwaka 2010 ijulikanayo kwa mazoea kama Obamacare, na watu zaidi ya milioni 20 walinufaika. Lakini nyongeza hiyo iliwekewa ukomo, nao ulikuwa mwisho wa mwaka 2025. Chama cha Republican kilikuwa na viti 53 tu katika Seneti yenye viti 100, ilhali kura 60 zilihitajika ili bajeti ipite, na hapo ndipo wapinzani wao wa Democratic walipopata kabari: hatutoi kura mpaka ruzuku irefushwe. Wenye serikali nao walijibu kwamba serikali ifunguliwe kwanza ndipo mazungumzo yafuate. Hatimaye maseneta wanane wa upande wa Democratic walilegea, Seneti ikapitisha shauri kwa kura 60 dhidi ya 40, na tarehe 12 Novemba serikali ikafunguliwa, bila ya ruzuku kurefushwa, bali kwa ahadi tu ya kuipigia kura mwezi uliofuata. Kura ikapigwa Desemba, haikutosha. Mwaka ukaisha, na nyongeza ikaisha pamoja nao.

Msomaji wa Tarime huenda akauliza kama mambo ya namna hii yanaweza kutokea kwetu, na jibu limo katika Ibara ya 90 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, isemayo kwamba miongoni mwa sababu zinazompa Rais uwezo wa kulivunja Bunge ni Bunge kukataa kupitisha bajeti iliyopendekezwa na Serikali. Kule bajeti ikigoma serikali hufungwa, na kwetu bajeti ikigoma Bunge lenyewe ndilo linaloweza kwenda nyumbani. Haistaajabishi, basi, kwamba mivutano yetu huwa haiendi kupasukia katika kura ya mwisho. Humalizwa mapema, katika vyumba vya kamati, katika kuahirisha muswada na kuurudisha, huku mwananchi akisikia tu kwamba jambo fulani lingali likifanyiwa kazi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Bima ya Afya kwa Wote. Muswada wake uliwasilishwa bungeni Septemba 2022, na makadirio yaliyotangazwa wakati huo yalikuwa shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita na shilingi 84,000 kwa mtu mmoja. Ubishi ukazuka: ni nani atakayemlipia mkulima asiye na mshahara wa kukatwa, na fedha hizo zitatoka mfuko upi? Muswada uliahirishwa, ukasubirishwa zaidi ya mwaka mmoja, na uliporudi ulikuwa na jawabu lililoandikwa: ushuru wa soda, wa pombe na wa vipodozi, pamoja na kodi ya michezo ya kubahatisha na vyanzo vingine, vilishe mfuko wa kuwahudumia wasiojiweza. Katika kampeni za uchaguzi wa mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi kuanza utekelezaji ndani ya siku 100 za kwanza.

Ili kuelewa kwa nini suala la mlipaji lilikuwa zito kiasi hicho, hatuna budi kurejea nyuma. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 matibabu katika vituo vya serikali yalikuwa bure. Katika miaka ya 1990 hazina ilipoelemewa, wagonjwa walianza kuchangia. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa wilayani Igunga, kisha ukaenezwa, na serikali iliahidi kuongeza kiasi kilekile ambacho wanachama wamechanga, desturi iliyoitwa tele kwa tele. Wazo lilikuwa jema, lakini lilikuwa na kasoro iliyofichama ndani ya uzuri wake: palipochangwa kingi serikali iliongeza kingi, na palipochangwa kidogo iliongeza kidogo, hata ruzuku ikawa inafuata uwezo badala ya kufuata uhitaji. Mfuko ulipoboreshwa mwaka 2018, mchango uliwekwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu sita, isipokuwa Dar es Salaam ambako ulikuwa mkubwa zaidi.

Natuitazame hesabu hiyo kwa karibu. Tuchukue boma moja la Kikurya, lenye mzee, wake wawili na watoto tisa, ambao jumla yao ni watu kumi na wawili. Kwa hesabu ya kadi ya mfuko huo, boma hilo ambalo hupika, hulima na huzika kama kitu kimoja, lilikuwa kaya mbili, na shilingi 30,000 ziligeuka kuwa 60,000. Kwa mtumishi wa ofisini kiasi hicho si kikubwa. Kwa mwenye ndizi na mahindi huwa chepesi katika mwezi wa mavuno na kikawa mlima katika mwezi wa palizi, na maradhi hayana desturi ya kungoja mavuno.

Ng'ambo ya mpaka, ndugu wa boma hilohilo, kwani Wakurya wako pande zote mbili, wana hesabu yao. Kenya iliufuta mfuko wake wa zamani wa bima ya afya, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 hukata asilimia 2.75 ya mapato, isipungue shilingi 300 za huko kwa mwezi. Na asiye na ajira alitakiwa kutoa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, jambo lililoleta manung'uniko hadi ukabuniwa mpango wa kulipa polepole.

Fauka ya hayo, bima ina mlango mwingine unaoweza kufungwa, nao ni wa hospitali. Mwezi Machi 2024 hospitali binafsi kadhaa za Tanzania zilisitisha kuwahudumia wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa kutoridhika na bei za kitita kipya cha huduma, na Februari 2025 hospitali binafsi za Kenya zikafanya mfano wa hayo kwa sababu ya madeni. Hapo mgonjwa huweza kuwa na kadi halali mkononi, na bado akatakiwa kulipa papo kwa papo.

Funzo ninaloliona mimi katika mambo haya ni kwamba ruzuku iliyowekewa tarehe ya kufa hugeuka rehani: kila mwenye shauri lake huishika ili apate alitakalo, na mgonjwa huwa ndiye dhamana. Tanzania ilitenda kwa busara ilipoandika fungu la fukara ndani ya sheria badala ya kuliacha kwenye huruma ya msimu mmoja wa siasa. Hata hivyo kutaja chemchemi si kuteka maji. Sirari yajua hilo kuliko Dodoma, kwa kuwa kreti moja ya soda inayovushwa usiku kwa bodaboda kupitia njia za panya huzima kiu ya mnywaji, isiache hata senti katika mfuko wa mgonjwa.

Kila mwezi wa Juni, bajeti inaposomwa, wenye maduka wa mpakani hutega masikio redioni wapate kujua kama bei ya soda itapanda. Ni haki yao. Ila ningependa wasizime redio mara baada ya kuisikia bei, bali wangoje kidogo wasikie ni kiasi gani cha ongezeko hilo kimeandikwa kwa jina la mtu yule asiyeweza kuinunua soda wala kadi.