Sukari iliyobandikwa kwenye dawa: kutoka usiku kucha hadi dakika 5

Leo tuongelee sukari, ila si ile ya kwenye chai. Protini nyingi za mwilini zimebandikwa vijinyororo vya sukari. Hata damu ya kundi A na ya kundi B zinatofautiana kwa sukari moja tu ya mwisho kwenye kinyororo!

Sasa dawa kibao za kansa ni protini zinazotengenezwa na seli hai, na seli hizo ndizo zinazobandika sukari. Ikibandikwa isiyofaa ni balaa. Chukua cetuximab, iliyoruhusiwa Marekani 2004. Inatengenezwa na seli za panya, nazo huiwekea sukari iitwayo alfa-gal, ambayo mwili wa binadamu hauitengenezi. Utafiti uliotoka 2008 ulionyesha kuwa kati ya wagonjwa 76 waliopewa dawa hiyo, 25 walipata mzio, na 17 kati ya hao walikuwa na kingamwili za kuipinga kabla hata ya dozi ya kwanza. Mzio mkali namna hiyo unaweza kuua mtu akiwa bado kwenye dripu. Si mchezo jamani.

Ndiyo maana sukari hizo lazima zikaguliwe. Kuna enzaimu (shuleni tuliita kimeng'enya) inaitwa PNGase F. Ni kama mkasi, inakata pale sukari ilipoungana na protini. Tatizo ni kwamba protini imejikunja kama uzi uliojiviringa, mkasi haupenyi vizuri. Kwa njia ya zamani sampuli inalala na enzaimu usiku kucha kwenye nyuzijoto 37, halafu masaa mengine ya kuitia sukari rangi ili mashine iione.

Mwaka 2015 watafiti wa kampuni ya Waters, Marekani, walichapisha njia fasta. Protini inapashwa moto mkali kwa dakika chache pamoja na kemikali inayofanya kazi kama sabuni, inakunjuka. Kisha enzaimu, nyuzi 50, dakika 5 tu. Rangi nayo dakika 5.

Kwa hiyo siri si kuharakisha mkasi peke yake, ni kukunjua uzi kwanza. Ukiruka hatua hiyo, sukari nyingine inabaki imejificha, ripoti inatoka safi, na mgonjwa ndiye atakayeigundua.

Wadau mnaosomea maabara, hebu mwageni mambo hapo chini.