Kubwa, Kongwe, Iliyojaa: Rekodi za Melini kwa Familia ya Ngulyati

Ngulyati haina gati. Kata hii ya Wilaya ya Bariadi ni nchi ya pamba na ng'ombe, na katika Mkoa mzima wa Simiyu ni Wilaya ya Busega peke yake inayogusa Ziwa Victoria. Hata hivyo pamba ikishauzwa na shule zikafungwa, zipo familia zinazoshika njia ya Mwanza kwenda kupanda meli, kusalimia ndugu wa Ukerewe au Bukoba. Kwa mtoto ambaye maji mapana aliyowahi kuyaona ni ya lambo la kunyweshea mifugo, usiku wa kwanza melini ni jambo la kusimuliwa darasani muhula mzima. Rekodi zifuatazo zimekusanywa kwa ajili ya familia hizo, na kila rekodi ina adabu yake.

Ziwa pana kuliko yote Afrika

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Kati ya maziwa ya maji baridi duniani, linapitwa kwa upana na Superior la Amerika Kaskazini tu. Ukubwa huo una tabia yake: dhoruba nyingi za ziwani huja usiku, saa ambazo meli ya Bukoba iko katikati ya maji. Mtoto aliyepanda na fulana kwa sababu Mwanza kulikuwa na jua atatetemeka kabla ya usiku wa manane. Mfungie sweta juu kabisa ya begi, usilizamishe chini ya matobolwa ya viazi vitamu. Na akipata kichefuchefu, mpeleke penye hewa, mshike mkono, mwambie aangalie mbali. Mfuko wa plastiki uwe tayari mfukoni mwako, maana jirani aliyelala sakafuni hana pa kukwepea.

Meli kubwa kuliko zote za abiria ziwani

Hii ni MV Mwanza, iliyoundwa Mwanza Kusini na kampuni za Korea Kusini zikishirikiana na SUMA JKT, ikashushwa majini Februari 2023. Ina urefu wa mita 92.6, nafasi ya abiria 1,200, tani 400 za mizigo, magari madogo 20 na makubwa matatu. Watu 1,200 ni sawa na kuwapandisha wanafunzi wa shule kubwa ya msingi ndani ya chombo kimoja, pamoja na bibi zao.

Mahali penye mtihani mkubwa wa adabu hapa ni ngazi. Anayepanda na anayeshuka wanatumia ngazi ileile nyembamba, na mzigo wa mmoja ndio unaogonga goti la mwingine. Anayeshuka hupishwa. Mzee hupishwa na wote. Mwenye mtoto mgongoni hapewi msaada wa maneno, anapokelewa kapu. Asubuhi kijijini ungemwamkia mtu "mwangaluka", lakini melini umekaa na Mhaya, Mkerewe, Mjita na mgeni wa Dar es Salaam, kwa hiyo "shikamoo" inatosha kufungua mlango wa kusogezewa nafasi. Mtoto anayejua kuamkia hupata pa kukaa haraka kuliko baba anayejua kufoka.

Meli kubwa iliyozua ugomvi mdogo

Nje ya kwetu, Icon of the Seas ilipoanza safari kutoka Miami Januari 2024 ndiyo iliyokuwa meli kubwa kuliko zote za matembezi duniani: urefu wa mita 365, karibu mara nne ya MV Mwanza, sitaha 20, mabwawa saba ya kuogelea, na nafasi ya abiria hadi 7,600. Familia hupanda meli kama hiyo bila kuwa na ndugu wa kumsalimia popote; meli yenyewe ndiyo safari.

Ungedhani penye nafasi kiasi hicho hakuna wa kugombea kiti. Ugomvi unaojulikana zaidi kwenye meli hizo ni wa viti vya kando ya bwawa: mtu anaamka alfajiri, anatandaza taulo juu ya viti vinne, kisha anarudi kulala. Kampuni kadhaa zimelazimika kuweka muda maalumu. Kiti kikikaa na taulo bila mtu, wahudumu wanaliondoa. Abiria wa daraja la tatu wa kwetu anaielewa kesi hii bila mkalimani, kwa kuwa kanga iliyotandikwa kwenye benchi saa moja jioni "kwa ajili ya shemeji anayekuja" ni taulo lilelile. Kanuni ya haki ni moja pande zote: nafasi ni ya aliyekuja. Shemeji akifika, atasogezewa.

Kongwe kuliko zote

Tukirudi kwetu, taji hili ni la Ziwa Tanganyika. MV Liemba iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa meli na kufika Kigoma kwa reli. Iliingia majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Julai 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini mafundi walikuwa wamezipaka injini grisi nzito kwanza. Uangalifu huo ulilipa: iliibuliwa mwaka 1924, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ukoo huohuo wa Meyer, kupitia karakana yake ya Turku nchini Finland, ndio uliounda Icon of the Seas. Kongwe la Kigoma na jitu la Miami ni ndugu.

Liemba iliwafundisha abiria adabu ambayo meli ya Miami haiijui. Vijiji vingi vya mwambao wa Tanganyika havina gati, kwa hiyo meli ikifika hutia nanga, mitumbwi ikaizingira, na abiria hupanda na kushuka ubavuni usiku au mchana. Mtoto hupitishwa mkono kwa mkono kati ya watu wasiojuana. Hapo hakuna nafasi ya kumuuliza mtu kabila wala dini kabla ya kumkabidhi mwanao.

Safari ya familia nzito kuliko zote

Liemba inashika rekodi hii pia. Mwaka 1997 Umoja wa Mataifa uliitumia kuwarudisha wakimbizi wa Kongo nyumbani, zaidi ya watu 75,000 katika miezi michache. Mei 2015 iliitwa tena, safari hii kuwachukua wakimbizi wa Burundi waliokuwa wamejazana kwenye kijiji cha Kagunga na kuwafikisha Kigoma, mamia kwa kila awamu. Hawa nao walikuwa familia melini: mama, vitoto, masufuria, magodoro. Anayelalamika kuwa miguu ya jirani imevuka mpaka wa mkeka wake na akumbuke kuwa wapo waliovuka ziwa wakiwa hawana mkeka.

Njia yenye mapishi mengi

MV Victoria iliundwa Scotland ikaunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961, na baada ya ukarabati mkubwa ilirudi ziwani mwaka 2020. Kwa desturi njia ya Mwanza na Bukoba ni ya usiku, na humo vyakula vya kanda mbili hupishana. Wasukuma wanakwenda na matobolwa, michembe na karanga. Meli inarudi na ndizi za Kagera na, msimu ukifika, senene. Adabu ya chakula melini ni nyepesi kuieleza na ngumu kuivunja: ukifungua kapu mbele ya mtoto wa jirani, umeshamkaribisha. Samaki wa kukaanga aliwe penye upepo. Mifupa na maganda yarudi kwenye mfuko, yasiende ziwani, kwa kuwa kuna mtu anayechota maji hayo kesho.

Safari iliyofupishwa kupita zote

Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu. Pale kulikuwa na vivuko na foleni ambayo, pamoja na kungoja, ilimla msafiri hata saa mbili. Sasa gari linavuka kwa dakika chache. Kilichopotea ni kile kijiwe cha foleni, ambapo abiria wa basi moja walikuwa wameshajuana majina kabla ya kufika ng'ambo. Hakuna anayekililia.

Adabu iliyopata sifa kuliko zote

Februari 1852 meli ya kijeshi ya Uingereza, Birkenhead, iligonga mwamba karibu na pwani ya Afrika Kusini. Boti za kujiokolea zilizofaa zilikuwa chache. Askari waliambiwa wasimame sitahani wasizikimbilie, wakasimama, na wanawake na watoto wote waliokuwemo wakaokoka. Askari wengi walikufa. Tangu hapo kanuni ya kuwatanguliza wanawake na watoto huitwa kwa jina la meli hiyo.

Kinyume chake kilitokea Januari 2012, Costa Concordia ilipopasuka kwenye mwamba wa kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,200. Watu 32 walikufa, na nahodha aliyetoka kabla ya abiria wake alihukumiwa kifungo cha miaka 16. Baadhi ya abiria walikuwa wamepanda siku hiyohiyo na hawajafanyishwa zoezi la dharura. Kanuni za kimataifa zikabadilishwa: sasa zoezi hufanyika kabla ya meli kuondoka au mara inapoondoka. Kwa hiyo baharia anapoonyesha namna ya kuvaa jaketi la kujiokolea, zima muziki wa simu, mwamshe babu, na umjaribishe mtoto.

Rekodi ambazo hakuna anayezitaka

Julai 1915, mwaka uleule Liemba ilipoingia majini, wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha Chicago walipanda na wake na watoto wao meli iitwayo Eastland kwenda matembezi. Meli ilikuwa nzito juu na imejaa. Ilipinduka ikiwa bado imefungwa kwenye gati, hatua chache kutoka nchi kavu, na watu 844 wakafa. Kati yao kulikuwa na familia 22 zilizokwisha kabisa.

Sisi tuna zetu. Mei 21, 1996 MV Bukoba, meli ya abiria wapatao 430, ilizama ikikaribia Mwanza na zaidi ya watu 800 walikufa. Daraja la tatu halikuwa na orodha ya majina. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara. Miili 228 ilipatikana.

Hapa ndipo adabu zote zilizotangulia zinapopata uzito wake. Kupishana ngazini, kutojazana upande mmoja wa sitaha ili kupungia ndugu, kutopitisha gunia la ziada kwa kujuana na mpakiaji: yote hayo ni namna ya abiria kusaidia meli ibaki wima. Na kabla ya yote ni majina. Mzazi asifurahie mtoto kupita bila kuandikwa kwa kuwa "ni mdogo, atapakatwa". Mtoto asiye kwenye orodha hana jaketi lililohesabiwa kwa ajili yake, wala hatafutwi kwa jina. Mabasi yetu yameandikwa "abiria chunga mzigo wako". Melini mzigo wa kwanza kuchungwa ndio huo wenye miguu.

Na ukifika gatini ukaambiwa meli imejaa, usitafute kijana wa kukupenyeza. Tafuta nyumba ya kulala wageni, wapikie watoto uji, mpigie simu shangazi wa Bukoba umwambie mnakuja kwa safari inayofuata. Atanuna kidogo, kisha ataongeza ndizi.