Motakaa, Ajali na Bima

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za bima ya motakaa. Labda mtu mmoja atasema, "Mimi nina jembe na baiskeli tu, habari hizi zanihusu nini?" Twamjibu kwamba zamhusu sana, na kabla hatujamaliza ataona sababu.

Sisi watu wa Nyanda za Juu tunakaa kando ya njia kubwa. Baada ya mwaka 1965, Zambia ilipopata shida ya kupitisha bidhaa zake upande wa kusini, barabara itokayo Dar es Salaam ilitengenezwa kwa lami, ikapita Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya mpaka Tunduma. Malori makubwa hupita hapo mchana na usiku. Kando ya lami hiyo hiyo watoto huenda shuleni, akina mama huuza viazi na vitunguu, na vijana hupakia abiria katika pikipiki za kukodi, yaani bodaboda. Basi ajali ikitokea, mara nyingi anayeumia ni mtu aliyekwenda kwa miguu.

Kwanza tueleze bima ni nini. Tuseme kijiji kina nyumba 100, na kila mwaka nyumba moja huteketea kwa moto. Hapana ajuaye itakuwa ya nani. Mwenye nyumba iliyoungua hawezi kuijenga tena peke yake. Lakini kila nyumba ikitoa debe moja la mahindi kwa mwaka, yatapatikana madebe 100, naye aliyeunguliwa atapewa hayo na kusimama tena. Wale 99 wametoa debe moja moja tu, nao wamelala bila hofu mwaka mzima. Hiyo ndiyo bima. Kampuni ya bima hukusanya ada za watu wengi, huziweka, na kumlipa yule aliyepatwa. Asiyepatwa asiseme fedha yake imepotea, kwa maana alinunua amani yake.

Bima ya motakaa ni ya namna mbili zijulikanazo sana. Ya kwanza watu huiita bima kubwa. Hiyo hulipa hasara ya motakaa yenyewe pamoja na madhara waliyopata wengine. Ya pili ni bima ndogo, yaani bima ya mtu wa tatu. Mtu wa kwanza ni mwenye motakaa, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni yule aliyegongwa, ambaye hakuandika mkataba wowote wala hakutoa senti. Uingereza iliifanya bima hii kuwa sharti mwaka 1930, na nchi zetu zikafuata njia hiyo. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, yakataza kuendesha motakaa au pikipiki barabarani bila bima ya namna hii. Basi mwelewe vizuri: sharti hili liliwekwa kwa ajili ya mpita njia, hata yule mwenye jembe na baiskeli tu.

Hapa ndipo watu wetu wanapopotea. Tuchukue mfano. Baba mmoja agongwa na motakaa karibu na Mafinga, avunjika mguu. Dereva ashuka, aomba radhi, atoa shilingi 100,000 mbele ya wazee, na karatasi yaandikwa kwamba wamepatana na hakuna dai tena. Jamaa watia dole gumba, na dereva aenda zake. Baada ya mwezi mmoja mguu haujapona. Hospitali yataka fedha, shamba halijalimwa, na ng'ombe wa kwanza amekwisha kuuzwa. Wakimtafuta dereva, huonyeshwa ile karatasi. Kumbe siku ile motakaa ilikuwa na bima, na njia ya fidia ilikuwa wazi! Hatusemi watu wasisameheane. Msamaha ni wa moyoni. Gharama ya mguu ni jambo jingine, na mtu asiuze haki yake kabla hajajua ukubwa wa jeraha lake.

Basi ajali ikitokea, fanyeni hivi:

1. Msaidieni majeruhi kwanza, na afikishwe hospitali upesi.

2. Andikeni namba ya motakaa, jina la dereva, na jina la kampuni iliyoandika bima. Siku hizi mtu aweza kuhakikisha bima kwa simu yenye intaneti, akitumia namba ya motakaa katika daftari la Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, iitwayo TIRA.

3. Pelekeni habari polisi bila kukawia, mpate fomu ya PF3 kwa matibabu, na habari za ajali ziandikwe.

4. Tunzeni kila hati ya daktari na kila risiti ya dawa na nauli.

5. Msitie sahihi wala dole gumba katika karatasi ya kumaliza dai mpaka mtu ajuaye sheria ameisoma.

6. Mpelekeeni mwenye motakaa na kampuni yake dai kwa maandishi. Wakikataa bila sababu njema, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na mahakama zipo.

Wengine huuliza, "Na kama lori ni la kigeni?" Hata hapo msikate tamaa. Malori yatokayo Zambia na nchi nyingine kadha wa kadha huja na hati ya bima iitwayo Kadi ya Manjano, ya nchi za COMESA. Tanzania ilitoka katika jumuiya hiyo mwaka 2000, lakini mpango wa kadi hii inaushiriki. Andikeni namba ya kadi pia.

Sasa neno kwa wenye motakaa. Someni hati zenu. Aliyekata bima ya motakaa ya nyumbani kisha akabeba abiria kwa nauli siku ya gulio amevunja mkataba. Kadhalika aliyempa mwanawe usukani bila leseni, au aliyeendesha akiwa amelewa. Kampuni yaweza kukataa kumlipa hasara yake, au kumdai yeye ile fedha iliyompa mtu wa tatu. Tena asidhani kwamba mke na watoto aliowachukua ndani wamo katika bima ndogo. Aulize, na jibu aonyeshwe katika maandishi.

Lakini bima haiponyi mguu wala haifufui mtu. Iliyo bora ni kuendesha kwa akili. Ateremkaye Kitonga, chini ya Ilula, aweke gia ndogo tangu juu, ile ambayo angeitumia kupanda, aiache injini izuie mwendo. Akitegemea breki peke yake zitashika moto, na hapo chini hazitamtii. Palipo na ukungu, kama katika milima ya Uporoto tuendapo Tukuyu, apunguze mwendo, awashe taa, wala asipite motakaa nyingine. Katika mji na kijiji sheria yamruhusu kilomita 50 tu kwa saa. Nasi wazazi tuwafundishe watoto kwamba barabara isipokuwa na njia ya miguu, mtu hutembea upande wa kuume, apate kuziona motakaa zimjiazo.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Ni kweli, siku yake hatuijui. Lakini umaskini ufuatao baada ya ajali una kinga, nayo kinga hiyo ni kuijua haki yako mapema. Ninyi wanafunzi mjuao kusoma, waandikieni wazazi wenu yale mambo sita katika karatasi moja, muitundike ukutani. Huenda siku moja ikaokoa shamba la nyumba yenu.