Kwa Nini Injini Hugonga Mlimani

Likizo iliyopita nilisafiri na baba mdogo katika pikapu yake ya petroli kutoka Karatu kwenda Ngorongoro. Tulipopita lango la Lodoare na kuanza kupanda msituni, injini ikagonga kama mtu apigaye bati kwa nyundo. Baba mdogo alisema kosa ni la mlima. Tuliporudi, fundi alisema lazima injini ifunguliwe, na baba mdogo akawaza kuuza ng'ombe. Mimi nilikumbuka somo la kemia.

Petroli ni mchanganyiko wa haidrokaboni, yaani vitu vilivyofanywa kwa kaboni na haidrojeni. Katika heptani ya kawaida, kaboni saba zimejipanga mstari mmoja kama shanga katika uzi. Katika isooktani, kaboni tano zimejipanga hivyo, na tatu zimeota ubavuni kama matawi. Mnyororo mnyofu huvunjika upesi kwa joto na mkandamizo, ukawaka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Mshindo huo ndio tunaousikia. Wenye matawi huvumilia, maana haidrojeni za kwenye ncha zimeshikwa kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo heptani hupewa namba 0 na isooktani 100. Petroli ya oktani 95 huvumilia sawa na mchanganyiko wa isooktani sehemu 95 na heptani sehemu 5.

Je, mlima una kosa? Ni kweli kwamba kupanda na mzigo huongeza joto na mkandamizo katika silinda, lakini hewa nyepesi ya juu huupunguza. Nikamwuliza baba mdogo petroli aliinunua wapi. Akajibu, katika madumu kando ya njia, kwa bei rahisi. Nikanusa dumu: mafuta ya taa! Haya yana minyororo mirefu minyofu mingi, na oktani yake ni ndogo sana. Uchanganyaji huo uliisumbua nchi hata mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa.

Zamani petroli ilitiwa risasi kuzuia kugonga, lakini risasi hudhuru ubongo wa watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwaka 2006. Sasa viwanda hubadili minyororo minyofu iwe na matawi.

Tulijaza petroli safi, tukapanda tena na mzigo ule ule, injini ikanyamaza. Basi wenzangu, tusiidharau kemia: ng'ombe wa baba mdogo yuko zizini mpaka leo.