Safari ya ndege: Jua la angani si jua la mjini

 

Wiki hii nimepata barua kutoka kwa msikilizaji wa Ngarenaro, hapa Arusha. Anasema mama yake amedunduliza fedha kwa miaka mingi na sasa, alhamdulillahi, ameandikishwa kwenda Hija. Hajapata kupanda ndege hata siku moja. Yeye mwenyewe kijana hufuata bidhaa Dubai, na mara nyingine safari humkuta katika Ramadhani. Anauliza: Mtu huswali vipi angani? Akiwa amefunga, afuturu kwa saa ya wapi? Na mama avae ihramu wapi, maana majirani wanne wamempa majibu manne?

Ndugu yangu, mimi si mufti. Ninayoyasema nimeyauliza kwa masheikh, na wengi wetu Afrika Mashariki tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, kwa hiyo nitaegemea huko. Lakini kwanza nitakusimulia kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifanya niulize.

Ramadhani moja nilikuwa Dar es Salaam kwa siku mbili, nikarudi kwa ndege ya jioni ya kuja KIA. Nilikuwa nimefunga, na mfukoni nina karatasi ya saa za kufuturu za Dar es Salaam. Jirani yangu alikuwa mama mtu mzima, amekaa dirishani, naye amefunga. Saa yangu ilipogonga dakika ile iliyoandikwa, nikasema bismillahi, nikala tende, nikamnyooshea na yeye moja. Akaipokea, akaishika mkononi, akaniambia kwa upole: "Mwanangu, jua lile pale."

Nikainama kutazama. Jua lilikuwa zima, jekundu, limekaa juu ya mawingu. Yule mama hakuwa na saa wala karatasi. Alikuwa na macho tu, na yalimtosha. Akaisubiri tende yake mpaka jua likazama lote, kiasi cha robo saa hivi, nami nimekaa kimya kwa haya.

Nilipofika mjini nikamwendea sheikh wangu. Akaniambia: "Dhambi huna, kwa sababu ulikuwa msafiri na msafiri ana rukhsa ya kula. Lakini siku ile si funga tena. Ilipe." Nikailipa.

Sasa, kosa langu lilikuwa nini hasa? Nilidhani hukumu imebaki katika mji nilioondoka. Kumbe hukumu humfuata mtu pale alipo. Ukilishika neno hili moja, mengi ya safari ya ndege yatakuwa mepesi.

Sisi wa Arusha tuna mwalimu mzuri wa jambo hili, naye ni mlima Meru. Jioni isiyo na mawingu, simama Kaloleni au Sakina utazame juu. Mjini kiza kimeanza, lakini kilele bado kina mwanga wa jua. Kilele kile kina zaidi ya meta 4,500, na mji wetu uko kwenye meta 1,400 hivi. Aliye mjini jua limemzamia, anafuturu. Aliye kileleni bado analiona, basi anangoja. Wanavyuoni wa zamani hawakuijua ndege, lakini suala hili walilijua. Katika vitabu vya fiqhi vya madhehebu ya Hanafi umetajwa mnara wa taa wa Iskandaria, kule Misri: wa chini wafuturu, na aliye juu ya mnara angoje mpaka limzamie yeye. Ndege ni mnara mrefu zaidi, tena unaotembea.

Hesabu yake si ngumu. Jua huenda uzi mmoja kwa dakika 4. Mtu aliye meta 10,000 juu huona mbali kuliko aliye pwani, na upeo wa macho yake umeshuka kiasi cha nyuzi 3. Kwa hiyo jua hukaa machoni pake dakika 12 hivi zaidi. Ongeza tena kwamba Arusha iko magharibi ya Dar es Salaam kwa nyuzi 2 na nusu, yaani dakika 10. Mimi nilikuwa nimepaa juu na huku nakwenda magharibi, vyote viwili vikinirefushia mchana, nami nimeshikilia karatasi ya Dar es Salaam!

Anayekwenda Dubai yeye huelekea mashariki, na magharibi humjia mapema kuliko Arusha. Huyo akiona jua limezama kweli, afuturu, asingoje saa ya nyumbani. Na alfajiri angalia vilevile: aliye juu huuona mwanga kabla ya aliye chini, basi usiendelee kula daku kwa kuwa tu saa ya Arusha inasema bado. Kama umekaa mbali na dirisha, muulize aliye karibu nalo au mhudumu wa ndege. Si aibu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Rukhsa ya msafiri kula mchana wa Ramadhani, katika madhehebu yetu, ni ya yule aliyeondoka mjini kwake kabla ya alfajiri, au aliyekwisha kuwa safarini kama nilivyokuwa mimi. Ukipambazukiwa nyumbani Njiro umefunga, kisha ukapanda ndege ya adhuhuri, funga ya siku hiyo uitimize. Madhehebu mengine wamelegeza hapo, lakini ujue la kwenu kabla hujaondoka.

Tuje kwenye swala. Safari inayofika kilomita 80 na kitu humruhusu mtu kupunguza swala za rakaa nne ziwe mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Magharibi hubaki tatu, na Alfajiri haipunguzwi wala haikusanywi na nyingine. Rukhsa hii huanza ukishatoka katika nyumba za mji wako. Kwa hiyo mtu wa Arusha aliyefika KIA, mwendo wa kilomita 50 hivi, tayari ni msafiri. Anaweza kuswali pale Magharibi na Isha pamoja kabla ya kupanda, akaingia ndegeni moyo umetulia. Anayepandia uwanja wa Kisongo yeye asifanye haraka, kwani siku hizi nyumba za mji zinazidi kuufuata uwanja ule.

Na kibla? Hapa mjini ukiuelekea Meru kisha ukajipinda kidogo kushoto, umekaribia sana, maana Makka iko kaskazini yetu, imeegemea mashariki kwa nyuzi 7 tu. Lakini ukifika KIA usimfuate tena mwalimu yule! Kutoka pale Meru umehamia upande wa magharibi, na Kilimanjaro iko kaskazini mashariki. Kibla cha KIA kinapita katikati ya milima hiyo miwili. Tazama jinsi mwendo wa saa moja wa gari ulivyobadili mambo. Basi vipi ndege? Ukienda Jeddah moja kwa moja, sehemu kubwa ya njia kibla kiko mbele yako. Ukienda Dubai, mwanzo kiko mbele kushoto, lakini ndege ikiwa juu ya Oman, Makka imebaki magharibi, kushoto kwako na nyuma.

Swala inayowasumbua watu zaidi ni ya Alfajiri, kwa kuwa haina mwenzake wa kukusanywa naye. Jiulize kwanza: je, nitatua kabla jua halijachomoza? Kama ndiyo, subiri uswali chini. Kama siyo, usiiache ipite. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiswali sunna juu ya mnyama wake popote anapoelekea, lakini kwa faradhi alikuwa akishuka. Kwenye jahazi mtu hawezi kushuka baharini, na hapo wanavyuoni walisema aswali kwa kusimama ila akihofia kuzama. Wazee wetu wa pwani waliishi na hukumu hiyo karne nyingi, na masheikh wa leo wameipima ndege kwa jahazi.

Basi muombe mhudumu mahali, mara nyingi kuna nafasi karibu na mlango au jikoni mwa ndege. Akikuruhusu, simama, elekea kibla, rukuu na usujudu. Akikataa, au taa ya mikanda ikiwaka, kaa kwenye kiti chako uswali kwa kuashiria. Usigombane naye wala usizibe njia ya watu, kwani kulinda roho za abiria ni katika dini pia. Ukishatua, masheikh wa Kishafii watakuambia swala ile uliiswali kwa heshima ya wakati, na sasa uirudie kwa ukamilifu. Wapo wengine wasemao umefanya uwezalo, imetosha. Mimi huirudia. Rafiki yangu harudii. Na bado tunakunywa kahawa pamoja.

Udhu tia nyumbani au kiwanjani. Ukitanguka, maji ya choo cha ndege yanatosha kuosha kila kiungo mara moja, nayo ndiyo faradhi, mara tatu ni sunna. Wala usipapase ukuta wa ndege ukasema unatayamamu, maana kwetu tayamamu ni kwa udongo wenye vumbi.

Sasa mama yetu wa Ngarenaro na ihramu yake. Hapa ndipo fedha na ibada vyote viko hatarini, kwa sababu anayepita mikati akiwa na nia ya Hija au Umra bila kuhirimia, humpasa kurudi ahirimie pale, na asiporudi achinje. Mikati ziko tano. Atokaye kusini kama sisi hutazamana na Yalamlam. Aliyepitia nchi za Ghuba hutokea mashariki na kupita upande wa Qarn al-Manazil. Ndege hukata kilomita 15 hivi kwa dakika moja, basi ukisinzia dakika 10 tu umeshapita kilomita 150.

Wapo wanavyuoni waliojuzisha kungoja mpaka Jeddah. Lakini Baraza la Fiqhi la Kimataifa, lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lilikutana Amman, Jordan, Oktoba 1986, likaamua kwamba anayekuja kwa ndege au meli ahirimie kwenye mikati anayoipitia au anayolingana nayo. Jeddah si mikati yake. Hilo ndilo la salama.

Kwa hiyo mama aulize kikundi chake mapema: tunaanza Makka au Madina? Kama ni Madina, asiwe na wasiwasi ndegeni, kwani atahirimia Dhul-Hulayfa akitoka Madina. Kama ni Makka, basi aoge nyumbani, na akiwa ndani ya ndege atie nia wakitangaziwa kuwa mikati imekaribia. Akiogopa usingizi atangulie kutia nia, haidhuru. Mwanamke hana vazi maalumu la ihramu. Atavaa nguo zake za stara, ila asifunike uso kwa nikabu wala mikono kwa glovu. Mwanamume ajifunge mashuka yake mawili kabla ya kupanda, au ayashike mkononi. Asiyatie katika sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege! Mikati itampita huku mashuka yake yamefungiwa chini ya miguu yake.

Ndugu yangu wa Ngarenaro, kaa na mama jioni moja umwambie haya kwa utaratibu, asije akayajifunza katikati ya kelele za safari. Usimpe karatasi ya saa za Arusha ukadhani umemsaidia. Mwombee kiti cha dirishani, na umwambie atazame nje. Wala usimtie hofu, kwani dini haikumwekea msafiri rukhsa zote hizi ili aogope kusafiri.

Na yule mama aliyekaa nami siku ile, kila Ramadhani ninapoona kilele cha Meru kikiwa na jua la mwisho humwombea dua. Sikumuuliza hata jina.

Wabillahi tawfiq. Tukutane wiki ijayo, inshallah.