MVUA NI ILEILE, MAFURIKO SIYO YALEYALE

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala, iteremkayo kutoka Mlima Elgon, ilifurika mjini Mbale, mashariki ya Uganda. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Askari wa jeshi na wa polisi waliingia matopeni kuokoa walio hai na kuopoa maiti. Kwa hiyo jambo hili si la wahandisi peke yao. Latuhusu pia sisi tuvaao sare.

Wengi wetu hudhani kwamba ukubwa wa mafuriko hufuata wingi wa mvua tu. Sivyo. Tuchukue bonde la mto lenye eneo la kilomita 10 za mraba. Mvua ya milimita 60 ikienea bonde zima humwaga mita za ujazo 600,000 za maji. Ikinyesha taratibu mchana kutwa, udongo hunywa sehemu kubwa, na mto hupanda kidogo kidogo. Ikishuka yote kwa saa moja, ardhi haiwahi kunywa. Maji hukimbilia mtoni kwa mkupuo mmoja.

Tena kuna mpangilio wa mvua yenyewe. Ikianza kwa nguvu na kumalizikia manyunyu, ardhi kavu hupokea pigo la kwanza na kulipunguza. Lakini ikianza kwa manyunyu, ikarowesha udongo, kisha ikamiminika mwishoni, pigo huiangukia ardhi iliyokwisha kushiba. Kipimo cha mvua kitaonyesha milimita zilezile 60, ila mto utapanda juu zaidi. Ndiyo maana wataalamu wakadiriapo mafuriko hawatosheki na jumla ya mvua ya siku. Huuliza ilinyesha vipi saa kwa saa, na siku zilizotangulia ardhi ilipata mvua kiasi gani.

Nasi tujifunze kuuliza hivyo. Kabla ya kupiga kambi bondeni au kuvusha gari kivukoni, tuwaulize wenyeji wa milimani: Je, kwenu imenyesha tangu lini? Jua laweza kuwaka kambini huku mvua ikimiminika kileleni. Maji ya mto yakibadilika rangi au yakianza kuchukua magogo, tuhamie mwinuko mara moja, na wananchi tuwahimize wahame. Manyunyu ya siku mbili ni mjumbe wa adui; askari mwangalifu hamdharau mjumbe.